Neno la siri la jedwali likisahaulika: Lipi hufunguka, lipi halifunguki

Na Mwandishi Wetu

MPUNGA wa Bonde la Usangu hauishii shambani. Baada ya kuvunwa na kupurwa, mwingi hupelekwa katika maghala na mashine za kukoboa, zikiwamo zile za Ubaruku, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, ambako mkulima huweka magunia yake akisubiri bei ipande. Kati ya siku anayoyaweka na siku anayoyauza huweza kupita miezi kadhaa. Katika miezi hiyo, kinachothibitisha kuwa magunia hayo ni mali yake ni maandishi: jina lake, tarehe, idadi, uzito na mkopo aliouchukua kwa dhamana ya mpunga huo.

Zamani maandishi hayo yalikaa katika leja kubwa yenye jalada gumu. Siku hizi, katika ofisi nyingi za maghala, vyama vya ushirika na vyama vya kuweka na kukopa, yamehamia kwenye kompyuta, ndani ya majedwali ya programu ya Excel. Karani mwangalifu hulifunga jedwali lake kwa neno la siri ili asije mtu akageuza magunia 40 kuwa 14. Hiyo ni tahadhari njema. Tatizo huanza pale karani huyo anapohamia kwingine, anapofariki dunia, au anapolisahau tu neno lenyewe, huku mkulima amesimama dirishani na stakabadhi mkononi akidai mzigo wake.

Je, jedwali hilo linaweza kufunguliwa? Jibu ni kwamba inategemea limefungwa kwa namna gani. Watumiaji wengi wa Excel hudhani kuwa neno la siri ni neno la siri, basi. Ukweli ni kwamba programu hiyo ina makufuli ya aina mbalimbali, na tofauti baina yake ni kama tofauti ya komeo la mlango wa jikoni na kufuli la ghala. Komeo humzuia mtoto na kuku, wala halikuwekwa kwa ajili ya mwizi. Asiyeijua tofauti hiyo anaweza kukata tamaa juu ya faili ambalo lingefunguka kwa dakika 10, au kupoteza fedha akihangaikia faili ambalo halitafunguka kamwe.

Aina nne za kufuli

Aina ya kwanza ni ulinzi wa karatasi. Faili hufunguka bila kuuliza chochote na tarakimu zote huonekana, lakini ukijaribu kubadili kisanduku unaambiwa kuwa karatasi hiyo imelindwa.

Aina ya pili ni ulinzi wa mpangilio wa kitabu chote. Hapa unaweza kuandika katika visanduku, lakini huwezi kuongeza karatasi mpya, kuifuta iliyopo, kuibadili jina wala kuifichua iliyofichwa.

Aina ya tatu ni neno la siri la kurekebisha. Unapolifungua faili, unaulizwa neno hilo, lakini unapewa pia nafasi ya kuendelea kwa kusoma tu.

Aina ya nne ni neno la siri la kufungulia. Hapa faili halionyeshi hata herufi moja kabla ya kupewa neno lenyewe, na hakuna nafasi ya kusoma tu.

Aina tatu za kwanza ni makomeo. Yaliyomo ndani ya faili yamekaa kama yalivyoandikwa, na kilichoongezwa ni amri inayoiambia Excel isimruhusu mtumiaji kubadili. Kampuni ya Microsoft yenyewe hueleza kuwa ulinzi wa karatasi haukukusudiwa kuwa kinga ya usalama, bali ni njia ya kuzuia mabadiliko ya bahati mbaya. Aina ya nne ndiyo kufuli halisi. Faili zima husimbwa, yaani maandishi hugeuzwa kuwa alama zisizosomeka, na neno la siri ndilo hutumika kutengeneza ufunguo wa kuyarejesha.

Kabla ya kugusa chochote

Jambo la kwanza ni kutengeneza nakala ya faili na kufanya kazi juu ya nakala hiyo pekee. Faili la asili libaki kama lilivyo, katika diski ya flashi au kompyuta nyingine, kwa sababu ndilo ushahidi iwapo baadaye patatokea mgogoro juu ya hesabu.

Jambo la pili ni kujaribu yale yaliyo rahisi. Excel hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo angalia kama kitufe cha herufi kubwa kilikuwa kimewashwa. Angalia pia kitufe kinachowasha tarakimu za upande wa kulia wa kibodi. Mpigie simu karani aliyeondoka, kama anapatikana, kwani mara nyingi huo ndio ufunguo wa bei nafuu kuliko yote. Kisha tafuta nakala za awali: faili lililotumwa kwa baruapepe kabla ya kufungwa, lile lililobaki katika diski ya flashi, au lile lililohifadhiwa wakati kompyuta ilipopelekwa kwa fundi.

Kuondoa komeo la karatasi

Iwapo faili hufunguka na tatizo ni kutoweza kubadili tu, njia nyepesi ni kunakili. Chagua visanduku vyote vya karatasi iliyolindwa, vinakili, kisha vibandike katika karatasi ya faili jipya. Ulinzi hubaki kwenye karatasi ya zamani wala hauhami pamoja na yaliyonakiliwa. Njia hii hushindwa endapo aliyefunga alizuia hata kuchagua visanduku, na fomula alizozificha hazitahama pamoja na majibu yake.

Njia ya pili hutegemea jinsi mafaili ya kisasa ya Excel yalivyoundwa. Tangu toleo la mwaka 2007, faili lenye kiambishi cha xlsx kwa hakika ni kifurushi cha zip chenye mafaili madogo ya maandishi ndani yake. Amri ya ulinzi ni mstari mmoja tu katika mojawapo ya mafaili hayo madogo, na mstari huo ukifutwa ulinzi hutoweka. Hatua zake ni hizi:

1. Iamuru kompyuta ionyeshe viambishi vya majina ya mafaili, kisha badili kiambishi cha ile nakala kutoka xlsx kuwa zip.

2. Fungua kifurushi hicho. Ndani utaona folda iitwayo xl, na ndani yake folda iitwayo worksheets. Humo mna mafaili yenye majina kama sheet1.xml na sheet2.xml, kila moja likiwa karatasi moja ya jedwali lako. Namba hizo si lazima zifuate mpangilio unaouona katika Excel, hivyo huenda ukalazimika kuangalia zaidi ya moja.

3. Litoe nje faili la karatasi husika na ulifungue kwa programu ya Notepad. Tafuta neno sheetProtection. Futa kuanzia alama ya < iliyo mbele ya neno hilo hadi alama ya /> inayofunga maelezo yake. Usiguse herufi nyingine yoyote, kisha hifadhi.

4. Lirudishe faili hilo ndani ya kifurushi mahali pale pale, ukiruhusu lichukue nafasi ya lile la zamani. Badili kiambishi kutoka zip kuwa xlsx na ufungue kwa Excel. Karatasi itakuwa huru.

Kwa ulinzi wa mpangilio wa kitabu, kazi ni ile ile, isipokuwa faili la kutafuta ni workbook.xml lililo ndani ya folda ya xl, na neno la kutafuta ni workbookProtection. Kwa neno la siri la kurekebisha, lifungue faili kwa kusoma tu, kisha nakili karatasi zake kwenye faili jipya.

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini kampuni kubwa iliweka komeo linalotoka kirahisi namna hii. Katika matoleo yaliyotangulia lile la 2013, neno lolote la siri la karatasi, liwe fupi au refu, lilifupishwa kuwa namba ndogo ambayo thamani zake hazikuzidi 32,768. Maana yake ni kwamba maneno mengi tofauti yaliweza kuifungua karatasi moja. Ndiyo sababu vipande vya programu vilivyojaribu michanganyiko 194,560 tu vilitosha kupata neno linalokubalika, ingawa halikuwa lile alilolichagua mwenyewe. Tangu toleo la 2013, ukokotoaji huo uliimarishwa kwa mbinu iitwayo SHA-512 inayorudiwa mara 100,000, na vipande hivyo vya programu havifanyi kazi tena kwa mafaili mapya. Hata hivyo, mstari wa amri bado unafutika. Kitasa kimeimarishwa, lakini bawaba zimebaki nje ya mlango.

Mafaili ya zamani

Ofisi nyingi bado zina mafaili yenye kiambishi cha xls, ambacho kilitumika hadi toleo la 2003. Hayo si vifurushi vya zip, hivyo hatua zilizoelezwa hapo juu haziyahusu moja kwa moja. Lililolindwa karatasi tu lifungue kwa Excel ya kisasa, lihifadhi upya kwa muundo wa xlsx, kisha fuata hatua zile zile. Kama lina amri za kujiendesha zilizotungwa ndani yake, tambua kuwa hupotea katika muundo wa xlsx, na ni vema kuchagua muundo wa xlsm unaozihifadhi.

Hata yale ya xls yaliyofungwa kwa neno la kufungulia bado yana matumaini. Usimbaji wa kawaida wa matoleo ya 97 hadi 2003 ulitumia ufunguo wa biti 40, ambao una uwezekano upatao trilioni 1.1. Namba hiyo ni kubwa kwa binadamu, lakini kwa kompyuta za leo si kitu cha kutisha. Mtaalamu anaweza kuutafuta ufunguo wenyewe bila kulijua neno la siri.

Kufuli lisilo na ufunguo wa akiba

Kwa mafaili ya xlsx yaliyofungwa kwa neno la kufungulia, hali ni tofauti kabisa. Toleo la 2007 lilileta usimbaji wa AES wa biti 128, na kabla ya kupata ufunguo, neno la siri hukokotolewa mara 50,000. Toleo la 2010 liliongeza ukokotoaji huo hadi mara 100,000. Lengo ni kumchelewesha anayebahatisha, kwani kila jaribio huwa na gharama. Faili la aina hii ukilibadili kiambishi kuwa zip halitafunguka, kwa kuwa kifurushi chenyewe kimesimbwa. Microsoft haina ufunguo wa akiba na haiwezi kukurudishia neno ulilosahau.

Kinachobaki ni kubahatisha kwa kutumia kompyuta. Zipo programu huria zinazojulikana kwa kazi hiyo, kama John the Ripper na hashcat. Je, zinaweza kufaulu? Tupige hesabu. Chukulia kompyuta inayojaribu maneno 1,000 kwa sekunde. Neno la tarakimu 4 lina uwezekano 10,000, ambao humalizika kwa sekunde 10. Neno la tarakimu 6 lina uwezekano 1,000,000, ambao humalizika kwa dakika 17 hivi. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania, ambayo watu wengi huigeuza kuwa neno la siri, ina tarakimu 10, lakini kwa kuwa huanza na 06 au 07, uwezekano wake ni 200,000,000 tu, sawa na siku mbili na robo hivi. Kwa upande mwingine, herufi 8 ndogo zilizochanganywa bila mpango zina uwezekano unaozidi bilioni 208, na kompyuta ile ile ingehitaji zaidi ya miaka sita kuzimaliza. Zikiongezwa herufi kubwa, tarakimu na alama, miaka hiyo huwa maelfu.

Hivyo basi, swali la kujiuliza si programu gani ni kali zaidi, bali ni nini kinachokumbukwa juu ya neno lenyewe. Je, karani alipenda kutumia jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa? Je, alianza na jina la chama? Kila dokezo hupunguza uwezekano kwa kiasi kikubwa. Bila dokezo lolote, na kama neno lilikuwa refu na lililochanganywa, ni busara kukubali kuwa faili limepotea.

Tahadhari na wafunguaji wa mtandaoni

Mtu aliyekwama hutafuta msaada popote. Katika intaneti zimejaa tovuti zinazoahidi kufungua faili lolote ukilipakia kwao, na programu za bure zinazodai kufanya hivyo kwa kubofya mara moja. Kulipakia jedwali la ghala katika tovuti usiyoijua ni kumkabidhi mgeni majina ya wakulima, namba zao za simu na madeni yao. Kupakua programu isiyojulikana ni kukaribisha virusi katika kompyuta inayotunza hesabu za watu. Kwa mafaili yenye makomeo huhitaji tovuti wala programu hizo, kwa sababu hatua zilizoelezwa hapo juu hukamilika ndani ya kompyuta yako. Kwa mafaili yenye kufuli halisi, ahadi ya kubofya mara moja haiwezi kuwa ya kweli.

Nani ana haki ya kufungua

Kuweza kufungua si sawa na kuwa na haki ya kufungua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu kuwa na kosa mtu anayeingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila haki, pamoja na yule anayeharibu au kubadili taarifa zilizomo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo inazitaka taasisi kuzilinda taarifa za watu zilizo mikononi mwao.

Jedwali la ghala au la chama ni mali ya taasisi, si ya karani. Lakini hilo halimpi kila mfanyakazi ruhusa ya kulifungua. Uamuzi utolewe na uongozi kwa maandishi, au uingizwe katika muhtasari wa kikao, ukitaja faili gani litafunguliwa, na nani, lini na kwa sababu gani. Kazi ifanyike mbele ya mashahidi wawili, na tarakimu zisomwe na kulinganishwa na stakabadhi kabla mtu hajaanza kubadili chochote. Kwa vyama vya ushirika, wakaguzi wa hesabu, wakiwamo wa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO), watataka kuona faili la asili pamoja na maelezo ya namna lilivyofunguliwa. Bila maelezo hayo, karani mpya hujiweka katika hatari ya kutuhumiwa kuwa alifungua ili abadili.

Aidha, kuondoa ulinzi huweza kufichua yaliyofichwa, kama safu za mishahara au maelezo ya madeni ya mtu mmoja mmoja. Anayepewa kazi hiyo awe mtu anayeaminika kutunza siri.

Ikishindikana

Faili lisilofunguka si mwisho wa hesabu. Wakulima wana stakabadhi zao, na ghala lina vipande vinavyobaki katika kitabu cha stakabadhi. Mashine za kukoboa huwa na madaftari ya kazi za kila siku, na miamala ya simu na ya benki huonyesha mikopo iliyotolewa na kurejeshwa. Zaidi ya yote, magunia yenyewe yapo ghalani na yanaweza kuhesabiwa. Kazi ya kuandika upya ni ngumu, lakini ifanyike hadharani, kila mkulima akiitwa kuthibitisha mstari wake na kutia sahihi. Hesabu iliyoandikwa upya namna hiyo huweza kuaminika kuliko ile iliyofungwa ambayo hakuna aliyeiona.

Namna ya kuzuia

Njia bora ni kutofika huko. Kwanza, chagua kufuli kulingana na kazi. Kama hofu ni vidole vya bahati mbaya, ulinzi wa karatasi unatosha. Kama hofu ni taarifa kusomwa na wasiohusika, tumia neno la kufungulia, lakini ujue kuwa likipotea limepotea.

Pili, neno la siri la ofisi liwe mali ya ofisi. Liandikwe katika karatasi, litiwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi na kutiwa sahihi na watu wawili, kisha litunzwe katika sefu. Kila likibadilishwa, bahasha ibadilishwe pia. Taasisi kubwa zenye wataalamu wake zinaweza kutumia zana ya DocRecrypt, ambayo Microsoft iliitoa kwa ajili ya toleo la 2013 na yaliyofuata. Zana hiyo humwezesha msimamizi kulifungua faili lililofungwa na mfanyakazi, ila ni lazima iwe imeandaliwa kabla faili halijafungwa.

Tatu, maneno ya siri yaingizwe katika orodha ya makabidhiano pamoja na funguo za ofisi, mihuri na vitabu vya stakabadhi. Anayepokea alijaribu neno hilo mbele ya anayekabidhi kabla ya yeyote kutia sahihi.

Nne, chapisha jedwali kwenye karatasi kila mwisho wa mwezi na ulihifadhi katika jalada. Katika miji midogo ambako umeme hukatika na kompyuta huharibika, karatasi bado ni shahidi asiyehitaji neno la siri.

Mkulima anapoliacha gunia lake ghalani, humwamini karani kuwa atalilinda, na pia kuwa atalitoa siku litakapohitajika. Kufuli linalotimiza sharti la kwanza na kushindwa la pili limefanya nusu tu ya kazi yake.